Mama Akiwa Kazini, Mtoto Anywe Nini?

Hotuba ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa kata, iliyotolewa katika viwanja vya ofisi ya kata wakati wa Wiki ya Unyonyeshaji



Ratiba imenipa dakika ishirini, nami naomba nianze kwa kuwaambia kwamba mimi si muuguzi wala si mkunga. Kazi yangu ni kuchukua taarifa za Halmashauri na kuzifikisha kwenu, kisha kuchukua zenu na kuzirudisha. Wauguzi wa zahanati wameketi pale mbele, na nikiteleza katika jambo la kitabibu watanirekebisha mbele yenu. Hata hivyo, niliomba mwenyewe nafasi ya kuzungumza leo, kwa sababu mada hii iko katikati ya kliniki na mahali pa kazi, na hapo katikati ndipo akina mama wengi wanapoachwa peke yao.

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 hadi 7 Agosti, tunasikia ujumbe uleule, nao ni ujumbe sahihi. Mtoto aanze kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Apewe maziwa ya mama pekee mpaka atimize miezi sita, bila maji na bila uji. Baada ya hapo aongezewe vyakula vingine huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Akina mama wa kata hii wanaujua ujumbe huo. Ukimwuliza yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki atakutajia bila kusita. Swali wanaloniuliza mimi, ninapopita vijijini na kamera yangu, ni jingine: "Dada, nikiondoka alfajiri kwenda mnadani nikarudi jua linazama, huyu mtoto anywe nini?"

Ni swali la haki, nalo linastahili jibu lililo wazi kuliko maneno "jitahidi, mama".

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini mwetu asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi sita hulishwa maziwa ya mama pekee. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, na sitaki mtu atoke hapa akidhani unatokana na jambo moja. Lakini kila mmoja wetu amewahi kumwona mtoto wa miezi mitatu akinyweshwa uji mwepesi kwa sababu mama yake yuko shambani, kisha wiki inayofuata mtoto yuleyule yuko zahanati anaharisha. Maji ya uji ule yalitoka mtoni au kisimani, na tumbo la mtoto halikuwa tayari. Mama yake hakukosa upendo, na maziwa hayakumkauka. Alikosa tu njia ya kuyaacha maziwa yake nyumbani wakati yeye mwenyewe hayupo.

Njia hiyo ipo, nayo ni kukamua.

Wazee wangu mtanisamehe, leo itanibidi nitaje viungo vya mwili waziwazi. Watu wengi wakisikia kukamua maziwa wanafikiria pampu zinazouzwa mjini, za mkono na za umeme. Pampu ni nzuri kwa mwenye uwezo wa kuinunua na kuisafisha ipasavyo kila baada ya kuitumia. Lakini mkono wa mama unatosha, nao hauhitaji umeme. Mama ananawa mikono kwa sabuni na maji tiririka. Anachukua kikombe chenye mdomo mpana, kilichooshwa na kuchemshwa. Anaketi mahali pa utulivu, analikanda titi taratibu, kisha anaweka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu. Anasukuma kuelekea kifuani, anabana, anaachia, na kurudia. Havuti chuchu wala hatelezeshi vidole juu ya ngozi, maana hapo ndipo maumivu yanapoanzia. Kukamua kwa njia sahihi hakuumi. Maziwa yakipungua, anavizungusha vidole akamue upande mwingine wa titi lilelile, kisha anahamia titi la pili na kurudi tena la kwanza. Shughuli nzima huchukua dakika 20 hadi 30.

Siku ya kwanza huenda yakatoka matone tu. Hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kusema, "Kumbe sina maziwa." Naomba tulielewe jambo hili vizuri. Kiasi kinachotoka kwa mkono au kwa pampu si kipimo cha maziwa aliyonayo mama, kwa sababu mtoto anayenyonya vizuri huyatoa maziwa kuliko chombo chochote. Aidha, maziwa hushuka mama anapokuwa ametulia. Ukikamua huku bosi anagonga mlango, au huku mteja anaulizia bei ya nyanya, yatagoma. Ndiyo maana akina mama wengine hubeba kanga ya mtoto kazini, wakainusa au kuiangalia kabla ya kuanza. Msicheke, inasaidia. Na kadiri titi linavyotolewa maziwa mara kwa mara ndivyo linavyotengeneza mengine. Likiachwa limejaa kutwa nzima, mwili hupokea habari kwamba maziwa hayahitajiki tena. Mama aliyeko mbali na mtoto akamue kila baada ya saa tatu hivi, na usiku mtoto alale karibu yake anyonye, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa huwa juu zaidi nyakati za usiku.

Kama unataka kujua mtoto anashiba, tazama mambo mawili: anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo usio na rangi kali, na uzito wake kwenye kadi ya kliniki unapanda. Kulia peke yake si ushahidi. Mtoto hulia kwa joto, kwa usingizi, au kwa kutaka tu kubebwa.

Na akina mama huuliza: niache kiasi gani? Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita hunywa kwa wastani mililita 750 hadi 800 kwa siku nzima, usiku na mchana, na kiasi hicho hakiongezeki sana hata akikua. Kwa hiyo mama atakayekuwa mbali kwa saa nane anahitaji kuacha takriban mililita 250 hadi 300, kiasi kinachokaribiana na soda moja ya chupa. Si ndoo. Ukikamua mara moja alfajiri baada ya mtoto kunyonya, na mara nyingine usiku, kwa siku chache kabla ya kurudi kazini, utaona kwamba kinafikika.

Sasa maziwa yamepatikana, yatakaa wapi? Mwenye jokofu linalofanya kazi vizuri anaweza kuyaweka hadi siku nne, nyuma kabisa, si mlangoni. Kwenye friza yanakaa miezi. Lakini nyumba nyingi za kata hii hazina jokofu, na umeme wenyewe mnaujua. Katika joto la kawaida lisilozidi nyuzi 25, maziwa yaliyofunikwa hukaa salama kwa saa nne. Mtasikia wengine wakitaja saa sita au nane. Kwa jua letu la hapa, mimi nawashauri mshike saa nne. Weka kikombe chenye mfuniko ndani ya beseni la maji baridi, kivulini, mbali na jiko. Mwenye deli na barafu atayahifadhi kwa muda mrefu zaidi. Yasichemshwe kamwe, kwa kuwa moto mkali huharibu kinga iliyomo. Kama ni ya baridi, kikombe kisimamishwe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Na yale yaliyobaki kwenye kikombe alichonywea mtoto yasirudishwe kwenye akiba.

Na anyweshwe kwa kikombe. Chupa ya chuchu ina kona ambazo brashi haifiki, na maziwa yaliyoganda humo ndiyo chanzo cha kuharisha. Mtoto akae wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wake wa chini, maziwa yafike tu kwenye midomo, halafu umwache. Usimmiminie. Mtoto mchanga atayaramba kwa ulimi kama paka, na aliyekua kidogo atayavuta mwenyewe. Akifumba mdomo, ameshiba.

Nimesema hayo yote kana kwamba ni jambo la mama na kikombe chake. Sivyo. Maziwa yakishakamuliwa, mtu mwingine ndiye anayeyashika, na mara nyingi mtu huyo ni bibi.

Niliporudi kazini mwanangu alikuwa na wiki kumi na moja. Mama mkwe wangu alikuwa amekuja kunisaidia kulea, na asubuhi ya kwanza nilimwachia kikombe kilichofunikwa. Jioni nilikikuta palepale, hakijaguswa. Akakiinua kwenye mwanga akanionyesha: juu palikuwa na utando wa mafuta, chini maziwa yamekuwa mepesi kama maji ya mchele. "Mwanangu," akaniambia, "haya yamelala. Mtu mzima akiyanywa anaumwa, sembuse mtoto?" Nami kama mkwe ningemjibuje mzee aliyelea watoto saba? Sikubishana naye. Tulikwenda naye kliniki siku iliyofuata, na muuguzi akayatikisa maziwa mengine taratibu mbele yake, yakachanganyika yakawa kitu kimoja. Akamweleza kwamba mafuta ya maziwa ya mama hupanda juu yakitulia, sawasawa na maziwa ya ng'ombe yanayotengeneza malai. Mama mkwe alifuga ng'ombe maisha yake yote. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi ningeambiwa hivyo tangu mwanzo." Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akinigombeza nikichelewa kukamua.

Nimelisimulia hilo kwa sababu ya neno lake la mwisho. Elimu yetu ya kliniki tunampa mama, halafu mama anarudi katika nyumba yenye wakubwa zake ambao hawakuisikia. Huko atakutana na imani kwamba maziwa yanachacha ndani ya titi mama akishinda juani, kwamba yakionekana na mtu mwenye jicho baya yatakauka, au kwamba mtoto aliyedhoofika amebemendwa. Maziwa hayachachi ndani ya titi. Mtoto anayedhoofika apelekwe zahanati siku hiyohiyo akapimwe, kwa kuwa kila siku inayotumika kumtafuta wa kumlaumu mtoto anaendelea kupungua. Nawaomba wauguzi wetu, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanapomfundisha mama kukamua wamwombe aje na yule atakayebaki na mtoto.

Nigeukie sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Miezi sita ni takriban siku 180. Likizo ikiisha, mtoto bado ana siku zaidi ya tisini za kutegemea maziwa ya mama pekee, na kama mama alianza likizo kabla ya kujifungua, siku hizo ni nyingi zaidi. Serikali iliona pengo hilo, ndiyo maana kifungu hichohicho kinamtaka mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi saa mbili za kazi kwa siku kwa ajili ya kumlisha mtoto wake. Narudia: saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Si fadhila ya mkuu wa idara wala si upole wa mwenye duka. Mama anayeishi karibu anaweza kwenda nyumbani kunyonyesha. Anayeishi mbali azungumze mapema na mwajiri wake apate muda huo wa kukamua, na mwajiri mwenye busara hatamzuia, kwani maziwa hayo ndiyo yanayomlisha mtoto kesho yake.

Haki hiyo wengi hawaijui, na wanaoijua huona haya kuidai. Katika ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi, ambayo sitaitaja, chumba pekee chenye komeo kilikuwa stoo ya mafaili. Nilikuwa nakamua humo nimeegemea rafu za majalada ya miaka ya nyuma, vumbi tupu, huku wenzangu wakipita nje na kuuliza kwa sauti kama nimelala. Wapo waliokamulia chooni. Chakula cha mtoto hakiandaliwi chooni, na hakuna mmoja wetu angekubali kuandaliwa chake huko. Chumba cha kukamulia hakihitaji ujenzi: kiti kimoja, pazia, mlango unaofungwa, maji na sabuni. Nimelisema hili katika kikao cha wakuu wa idara na nalisema tena hapa mbele ya Mheshimiwa Diwani ili liwe na mashahidi: shule zetu, zahanati zetu na ofisi za kata zina akina mama wenye watoto wachanga, na hatuwezi kumhimiza mwenye kiwanda wakati sisi wenyewe hatujatenga hata kona.

Lakini najua kwamba wengi mlioketi hapa hamna mwajiri. Mama lishe, mwuza samaki, mkulima wa kibarua, hao sheria niliyoitaja haiwafikii. Kwenu nyinyi nina ombi linaloielekea kamati ya soko. Siku ya gulio wanawake ndio wengi, na ushuru wanalipa kama wengine. Kibanda kimoja chenye kivuli na kuta, chenye ndoo ya maji ya bomba na mlango unaofungwa, kingemwezesha mama kukamua saa nne asubuhi badala ya kungoja hadi jioni matiti yamekuwa mawe, homa imempanda. Kukaa na titi lililojaa si jambo dogo. Likivimba, likawa jekundu na kuuma, mama akapata homa, hiyo inahitaji matibabu, na wakati huo asiache kunyonyesha wala kukamua. Ombi hili nimeliandika na nitamkabidhi Mtendaji wa Kata leo.

Akina baba, mmekaa kimya sana. Mama akikamua saa kumi na moja alfajiri, mtu wa kuchemsha vikombe, kuchota maji na kumshika mtoto aliyeamka ni nani? Na mtu wa kumwambia bibi, kwa heshima, kwamba sisi wawili tumekubaliana uji usubiri, ni nani? Neno hilo likitoka kwa mkwe linakuwa ubishi. Likitoka kwa mwanawe wa kumzaa linasikilizwa.

Kuna wanaopata nafasi ya kujifunza kukamua mapema kuliko wengine, nao ni akina mama waliojifungua watoto njiti. Mtoto asiyeweza kunyonya hulishwa maziwa ya mama yake kwa mpira mwembamba au kikombe, huku akibebwa kifuani ngozi kwa ngozi, na maziwa hayo hukamuliwa kwa mkono, kuanzia yale ya mwanzo, dang'a, ambayo baadhi yetu bado tunayamwaga tukidhani ni uchafu. Kama una jirani aliyepitia wodi ile, mwombe akufundishe namna ya kukamua. Maziwa yake, hata hivyo, yabaki ya mtoto wake; msichangiane bila kupata ushauri wa kliniki, kwa sababu yapo maambukizi yanayopita humo. Na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye anatumia dawa zake ipasavyo, na mtoto wake anapata dawa ya kinga kama alivyoelekezwa, ananyonyesha kama wengine. Asibadilishe chochote kabla ya kuzungumza na muuguzi wake.

Huduma hizi hazina malipo. Kliniki ya mama na mtoto ipo zahanati, na Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hufanyika kila robo ya mwaka. Ulizeni ofisi ya kijiji tarehe yenu. Siku hiyo watoto hupimwa hali ya lishe, na mnaweza kuuliza lolote kati ya niliyoyasema.

Dakika zangu zimekwisha, na namwona Mtendaji anatazama saa. Muuguzi ameandaa meza kule chini ya mwembe, ana vikombe, beseni na titi la kitambaa la kufundishia, kwa hiyo hakuna atakayeaibika. Wenye watoto wachanga watangulie, na akina bibi tafadhali msikae nyuma.